Uzi: Wali wa mboga za bustani, bila nyama bila samaki, tuupikeje usiwe bokoboko?

MwanaMambrui

Assalam aleikum wapenzi wa jikoni, na nyinyi wa Bwana asifiwe pia karibuni. Swali langu refu kidogo, vumilieni.

Bustani mwaka huu imenikubali. Masika ilishuka vizuri, na tangu kusi iingie na hiki kijibaridi chake nyuma ya nyumba nina mabenda, mabilingani ya aina mbili, tungule, hoho, mumunye, boga limetambaa mpaka kwa jirani, na zukini. Hizo zukini mbegu alinipa wifi yangu, mke wa kakangu, yeye anakaa Ujerumani na kule huzipanda wakati wa joto lao, Juni Julai Agosti hana habari na soko. Hapa nazo zimeshika kweli, ukichelewa kuchuma siku mbili tu ishakuwa dude, ndani mbegu tupu na sifongo.

Sasa wifi mwenyewe anakuja na wanawe, na yeye hali nyama, hali kuku, hali samaki. Maziwa na mayai anakula. Na nyinyi mwajua nyumba zetu, mgeni asipopikiwa wali ni kama hajapokelewa. Lakini sitaki kila siku wali mweupe na mtuzi wa mboga pembeni, nataka sufuria moja, mboga ndani ya wali, kitu kikija kwenye sinia watu wasogee wenyewe. Shida yangu ni kwamba hizi mboga zote ni maji. Mamangu asema tia zote pamoja upalie moto, zitajuana huko ndani. Jirani yangu asema pilau bila nyama ni wali uliopakwa rangi. Nyinyi mnapika vipi? Nina jiko la makaa na gesi vyote, mchele nina pishori na basmati.

Mvuvi_Ngomeni

Mambrui bahari iko mlangoni halafu mtu hali samaki. Haya, mimi nimekaa kando nasoma.

BintiLangoni

Mwanangu MwanaMambrui, salama. Mimi niko Amu na kwetu Ijumaa zingine hupika wali wa mboga mtupu na hakuna anayeuliza nyama iko wapi, kwa hivyo usitishwe na jirani.

Mamako namheshimu lakini hapo kwa "tia zote pamoja" sikubaliani naye. Tungule, bilingani, zukini na mumunye, ukizipima uzito wake zaidi ya sehemu 9 katika 10 ni maji. Ukitia vikombe vyako vya maji kwa hesabu ya wali mweupe halafu uongeze mboga za hivyo, yale maji yanatoka yakishaona moto na mtele unayanywa yote, ndio unapata bokoboko. Kwa hivyo kabla hujafikiria bizari fikiria maji. Ama uyatoe kwenye mboga kabla ya kukutana na mtele, ama uyahesabu.

Mimi huyatoa. Bilingani nakata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, natia chumvi, naweka kwenye kung'uto nusu saa, napangusa na kitambaa halafu nakaanga mafuta yakiwa moto kweli mpaka yawe rangi ya kahawia kila upande. Mafuta yakiwa vuguvugu bilingani linayanywa yote na utalia. Mabenda nayaosha mazima, nayaanika yakauke kabisa, ndio nakata. Ukikata benda lina maji, ule mlenda hauna dawa. Nayo nakaanga kando, moto mkali, machache machache, naishia na matone ya ndimu. Hizo zukini sizijui sana lakini kwa ulivyoeleza ni dada wa mumunye tu, zikaange juu juu uzitie mwisho.

Tungule ndizo zinazoingia sufuriani mapema. Lakini zikaangwe mpaka zikauke, uone mafuta yanajitenga kando. Hapo ndio umemaliza hesabu ya maji ya tungule, huna haja ya kupunguza kitu.

Sufuria yenyewe ikishaanza tutaongea, kwanza niambie wataka pilau au wataka wali wa nazi. Hizo ni njia mbili.

MwanaMambrui

Ahsante mama. Hapo kwa benda kuanikwa kabla ya kukatwa nilikuwa sijui, mimi huosha vile vipande.

Pilau au nazi ndio sijaamua. Haziwezi kukaa sufuria moja?

BintiLangoni

Kwangu hapana.

Kibokoni82

Mama BintiLangoni pole kwa kukukatiza, pilau ya nazi mbona ipo jamani, Unguja wanapika na Mombasa hapa wako wanaopika, na kwa pilau ya mboga ndio inafaa zaidi maanake hakuna supu ya nyama ya kuipa unono, sasa hilo tui ndilo linashika nafasi ya supu. Bila tui na bila nyama unabaki na bizari na maji, hapo ndio jirani wa MwanaMambrui anapata la kusema.

BintiLangoni

Ipo, sikusema haipo. Nimesema kwangu. Jira na tui vikikutana mimi naona jira linalala. Ukitaka unono bila nyama choma vitunguu vizuri, watu wa siku hizi hawachomi vitunguu, wanavitia joto kidogo wanaona vimekuwa vyeupe wanamwaga mchele.

Kaka_wa_Jikoni

Nimefurahi mama kataja vitunguu, hapo ndipo kila kitu kipo.

Mimi nimefanya kazi jikoni Malindi kwenye mahoteli ya Wataliano miaka mingi, na Wataliano hapa si wageni wa juzi, tangu ile kambi yao ya San Marco huko Ngomeni iliyorusha satelaiti 1967 wamekuwa wakija na kubaki, na chakula chao kimekuja nao. Wana wali wao wa mboga, rizoto. Ya zukini, ya boga, ya uyoga, hata ile ya zafarani ya Milano. Nimeipika mpaka nimeichoka. Nawaambia mapema MwanaMambrui usijaribu kuipika na basmati wala pishori. Ule mchele wao, Arborio au Carnaroli, punje zake fupi nene na unatoa wanga kwa nje unapokorogwa, wao wanataka uwe mzito wa kumiminika. Basmati ukiukoroga hivyo unavunjika tu. Sisi tunataka punje iachane na mwenzake, wao wanataka zishikane.

Lakini yako mambo mawili nimeyachukua kwao nayatumia mpaka kwenye pilau yangu ya nyumbani.

La kwanza ni supu ya mboga. Usipike kwa maji matupu. Vile vitu unavyotupa, vichwa vya karoti, mabua ya kotmiri, tungule zilizopondeka, maganda ya kitunguu yale ya ndani, na hasa magunzi ya mahindi mabichi ukishatoa punje, tia sufuria na maji, pilipili manga kidogo punje nzima, ichemke taratibu kama dakika 40 halafu chuja. Magunzi yanatoa utamu ambao watu watauliza umetia nini. Usitie kabichi wala majani ya koliflawa, inanuka. Usitie chumvi bado.

La pili ni kukaanga mchele wenyewe kabla ya maji. Dakika 2 au 3 kwenye mafuta na bizari, mpaka kila punje ing'ae na ianze kunukia. Hii hata pilau yetu ya zamani ilikuwa hivyo, watu wameacha tu.

Mtoro_wa_Bara

Swali la kijinga, kuna mchuzi kyubu za mboga si atie tu hizo mbili tatu yaishe? Maganda ya vitunguu mnachemsha mpaka lini

Kaka_wa_Jikoni

Si la kijinga. Weza, lakini soma pakiti nyuma kwanza. Ziko zilizochorwa karoti kwa mbele na ndani kuna mafuta ya kuku au ya ng'ombe. Mgeni asiyekula nyama hiyo kwake ni nyama. Na zina chumvi nyingi sana, ukiishatia hiyo usitie chumvi mpaka mwisho uonje.

MwanaMambrui

Na samli je? Wifi samli anakula nafikiri maanake maziwa anakula.

Kibokoni82

Ndio kama maziwa anakula samli ni sawa. Wako wale wengine hawali kitu chochote cha mnyama hata asali, hao ndio utumie mafuta na tui peke yake. Muulize tu kwa simu usibuni.

Mtsunga_wa_Marafa

Wadau naingia na mimi. Sisi Wagiriama mboga ndio chakula chetu, nyama ni ya sherehe, kwa hivyo hili si geni. Nina mawili.

Kwanza majani. Naona hamjataja majani na nashukuru, maanake watu hupenda kutia mchicha ndani ya wali halafu unatoka mweusi mweusi. Mchicha, mnavu, mtsunga, hizo zipikwe pembeni na tui, na mtsunga uchungu wake ndio raha yenyewe, unaamsha wali mtamu. Ndani ya wali la.

Pili shibe. Mnaongea mabilingani na zukini lakini hizo ni maji kama alivyosema mama, watoto watakula saa saba na saa kumi wanauliza kuna nini. Tia kunde mbichi zile za kwenye maganda bado za kijani, au pojo. Wali na jamii ya kunde zinasaidiana, mchele una upungufu wa kitu kinaitwa laisini na kunde zinayo tele, kunde nazo zina upungufu wa methionini na mchele unayo. Ndio mseto wa pojo ukamlea kila mtu hapa pwani bila daktari kuuliza. Mgeni asiyekula nyama hasa ndio umfikirie hapo.

MwanaMambrui

Kunde ninazo mtsangani, za kijani kabisa! Nazichemsha kwanza ama?

Mtsunga_wa_Marafa

Mbichi za kijani zichemshe kidogo tu, dakika 10 hivi, ziwe karibu kuiva, halafu zimalizie na mchele. Zikiwa kavu loweka usiku na uzichemshe mpaka ziive kabisa, ndani ya wali haziivi ng'o.

BintiLangoni

Ndugu yetu wa Marafa kasema kweli. Na mimi boga mmelisahau jamani. Boga halimwagi maji sana kama wale wengine, hilo likate vipande vikubwa kidogo, litie sufuriani pamoja na mchele, litaiva pamoja na linashika umbo ukikata kubwa. Ukilikata dogo linayeyuka linakuwa rojo, wengine wapenda hivyo.

Haya mwanangu, basi nikupe mpango kwa ile njia ya nazi, ya bizari wataeleza hawa vijana.

Zikune nazi 2 kwa vikombe 4 vya mchele. Tui la kwanza lile kasimile liweke kando kabisa usiliguse. Kamua tui la pili na la tatu kwa maji moto, hilo ndilo la kuchemshia. Vitunguu 3 vikubwa, vikate vyembamba, vikaange vichukue muda wake mpaka viwe rangi ya tende, usiwe na haraka hapo. Thomu na tangawizi zilizopondwa, pilipili mbichi nzima usiipasue, majani ya mchuzi kama unao mti. Tungule mpaka zikauke. Tia mchele uliokwisha kuosha na kuchuja, ugeuze geuze. Boga. Kunde. Halafu tui la pili. Pishori kikombe kwa vikombe 2 kasoro, hiyo kasoro ni kwa sababu ya boga na kasimile inakuja. Koroga mara moja lichemke, tui lisipokorogwa kabla halijachemka linakatika. Likishachemka acha, usikoroge tena.

Maji yakikauka yakibaki macho macho juu ya wali, ndio umwage kasimile, upange bilingani na mabenda na zukini juu, usizichanganye, funika na mfuniko unaobana. Toa makaa chini ubakishe machache, weka mengine juu ya mfuniko. Robo saa tu. Ukipakua ndio unachanganya, kwa upande wa uma au mwiko mwembamba, kutoka pembeni kwenda kati.

Halafu jambo moja, maji ya kisima chako yakoje? Kwetu Amu maji mazuri ni yale yanayotoka upande wa michanga ya Shela, visima vingine vya mjini vina chumvi chumvi. Na Mambrui mko pwani pwani vile vile. Kama yako ni hivyo chumvi ya sufuriani ipunguze, onja maji kwanza. Bilingani nalo ushalitia chumvi, usisahau.

MwanaMambrui

Mama umenifundisha Mungu akuweke. Maji ya kisima yana chumvi kidogo ndio, ya kunywa tunanunua madumu.

Mvuvi_Ngomeni

Mimi hapa njaa imenishika na nilikuwa nimekuja kubishana

Kibokoni82

Haya mimi nitoe ya bizari kwa anayetaka pilau, fupi. Jira kijiko kikubwa 1 na nusu kwa vikombe 4, pilipili manga kijiko kidogo, hiliki 6, karafuu 5 zisizidi hapo karafuu inakula kila kitu, mdalasini vijiti 2. Nusu ya jira tia nzima kwenye mafuta baada ya vitunguu kuwa vyeusi vyeusi, nusu nyingine isage na zilizobaki utie na thomu. Viazi vikaange kwanza rangi ibadilike ndio vishike kazi ya nyama, mtu akitafuna apate kitu. Basmati loweka nusu saa, uchuje, na ikisha kulowekwa haitaki maji mengi, kikombe kwa kikombe 1 na nusu cha ile supu ya magunzi ya Kaka_wa_Jikoni, ikiwa moto inachemka si baridi. 

Mabilingani na mabenda mpango ule ule wa mama, juu wakati wa kupalia.

Na wale wa kutia karoti na njegere za pakiti mkisema ni pilau ya mboga, na bustani imejaa hivi, mimi sina la kusema.

Mtoro_wa_Bara

Mimi ni huyo wa karoti na njegere 😅 Nairobi mabenda ni bei

Kaka_wa_Jikoni

Karoti na njegere si dhambi bro, zote mbili hazitoi maji mengi, ndio maana kila mgahawa wanazitumia, haziharibu. Ni uvivu tu wenye akili.

Zukini sasa kwa sababu mama kasema hazijui. Chuma ndogo, urefu wa kiganja. Ngozi inabaki usimenye. Kata miviringo minene kidogo, fraipani kavu au na mafuta matone tu, iwe moto sana, weka zisibanane, acha upande mmoja uungue rangi bila kugeuza geuza. Ukizijaza fraipani zinatoa maji zinajichemsha zenyewe. Chumvi utie baada, si kabla, hapa ni kinyume cha bilingani, maanake hutaki maji yatoke ukiwa unakaanga. Yale madude yaliyokupita toa mbegu na sifongo, nyama yake ikwangue kwa kikwanguzi, kamua na kitambaa, changanya na unga wa dengu na kitunguu ufanye bajia, utapanga pembeni ya sinia. Wataliano hata maua yake wanakaanga, yale madume yasiyo na tunda nyuma. Ukichuma maua ya kiume bado unavuna matunda, ila bakisha machache ya kuchavusha.

Na kama una mrehani uani rarua majani machache utie juu ukipakua. Siku wifi akiuonja atadhani yuko nyumbani kwake, basili wanayotia kule kwenye tungule ni jamaa yake wa karibu.

Khadija_wa_Gede

Nimesoma uzi wote. Mimi najiuliza kachumbari, achari, nini cha kuambatana? Wali wenye tui na boga mtamu mtamu si utachosha.

BintiLangoni

Achari ya ndimu, pilipili ya embe, na kachumbari iwe na ndimu nyingi na hoho mbichi. Mtindi pia kwa wanaokula. Huo mtsunga wa ndugu yetu ndio hasa, uchungu.

MwanaMambrui

Wapenzi narudi na majibu. Wifi kafika na nimepika ile ya nazi, vikombe 4, watu wanane tumekula na kikabaki kidogo.

Nilivyofanya ni kama mama alivyoeleza ila supu ya magunzi nimeichukua kwa Kaka_wa_Jikoni nikaikunia tui la pili badala ya maji matupu, yani nazi nimeikamua kwa ile supu ikiwa ya moto. Hii sikuona mtu kaisema hapa na nawaambia jaribuni, utamu ulikuwa mwingine. Vitunguu nilivikaanga kama nusu saa kwa makaa, mamangu alikuwa ananiangalia kimya. Kunde za kijani zilikaa nzima kabisa. Boga nililikata kubwa na likashika, ila upande uliogusa chini ya sufuria lilishikana na ukoko, na huo ukoko wa boga na nazi ndio waliougombania wale watoto wa wifi, wakubwa hatukupata.

Mabilingani yalikuwa bora kuliko zukini, nasema ukweli hata mbele ya mwenye mbegu. Zukini ni nzuri ila haina neno lake, inasema alichosema jirani yake. Bilingani lililokaangwa vizuri ukilitafuna na kasimile mpaka Mvuvi_Ngomeni angenyamaza. Wifi mwenyewe kasema kwao huwa anatia zote kwenye oveni na mafuta ya olivi halafu anachanganya na wali uliokwisha iva, hapati ukoko. Ameniandikia kila kitu kwenye simu yake, mpaka kupalia, sasa sijui makaa atayapata wapi juu ya jiko la umeme.

Mama kasema ulikuwa mzuri lakini angetia zote pamoja.

Mvuvi_Ngomeni

Ningenyamaza nikiwa natafuna. Hongera dada.

BintiLangoni

Mashallah. Tui kwa supu, hilo nalichukua.

Kibokoni82

Umeona sasa mama tui na supu vimekaa sufuria moja 😂

BintiLangoni

Sijaona jira hapo.

Khadija_wa_Gede

Hicho kilichobaki ulikiweka friji? Nauliza kwa sababu kwangu wali wa nazi ukilala nje asubuhi umechacha, na hata huu wa kusi nimeona unachacha.

MwanaMambrui

Kilikwisha magharibi hakikufika friji.

Mtsunga_wa_Marafa

Wa nazi na mboga usiuache hata hiyo usiku mmoja Khadija. Na si kuchacha peke yake, wali wowote uliokaa joto kuna kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, ukiuacha vuguvugu masaa mengi kinaamka na kutoa sumu, na ile sumu ukipasha tena haiondoki, unatapika na mchele ulikuwa unanukia vizuri tu. Tandaza kwenye sinia upoe haraka, ndani ya saa moja uwe friji. Asubuhi ukaange na kitunguu na pilipili unywe na chai ya rangi. Kama huna friji pika wa kwisha.

Mtoro_wa_Bara

Na mwenye rais kuka, ile sufuria ya umeme ya kupikia wali? Sina makaa sina mfuniko wa kupalia, naishi ghorofa ya nne.

Kaka_wa_Jikoni

Inawezekana. Vitunguu, tungule, bizari na kukaanga mchele fanyia fraipani ya kawaida, usitegemee rais kuka kukaanga. Mimina yote ndani, tia supu au tui jepesi na lisizidi, basmati kikombe kwa kikombe na robo maanake mvuke hautoki sana. Kasimile usitie mwanzo, inashika chini na mashine inajizima ikidhani maji yameisha. Ikishabofya yenyewe kuwa tayari fungua, mimina kasimile, panga mboga zako zilizokaangwa juu, funga tena uache kwenye joto dakika 15 bila kufungua fungua. Ukoko utaukosa.

Mtoro_wa_Bara

Poa. Na mabenda nikinunua machache naweza kuyaacha mazima bila kukata?

Kaka_wa_Jikoni

Madogo ndio, toa kikonyo tu usitoboe, mlenda unabaki ndani. Makubwa kata, na ukiona hayavunjiki kwa kidole yakiwa sokoni usinunue, yashakomaa, hayo ni kamba ya kufungia mzigo.